Nipe Mji: Bwana Msa, Sitara na Namna Tunavyoinadi Riwaya ya Upelelezi

Kisima cha Giningi nilikisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa skuli, katika nakala iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kunifikia mimi. Jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi, na kurasa zake za mwisho zilikwisha kunyofoka. Hakuna mtaani kwetu aliyekuwa na nakala nyingine. Basi kitabu kile kilisomwa kwa zamu, na kila aliyefika pale kilipokatikia alirudi barazani na jawabu lake. Tulibishana siku nyingi. Nilipokuja kuipata nakala kamili, miaka mingi baadaye, nilizisoma zile kurasa zilizokosekana kwa hamu kubwa, na nilipozimaliza nikahisi nimepungukiwa na kitu. Jawabu la mwandishi lilikuwa sahihi, lakini ubishi wa barazani ulikuwa mtamu zaidi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinagusa swali ambalo uhakiki wetu wa riwaya ya upelelezi umekuwa ukilikwepa. Ni kipi hasa tunachokisoma tunaposoma riwaya ya namna hii: jawabu, au fumbo? Na swali hilo likishajibiwa, linafuata la pili: kitabu cha fumbo kinadiwe vipi, kwa maneno gani na kwa nani? Maswali haya mawili huonekana kuwa ya watu mbalimbali, la kwanza la mhakiki na la pili la muuza vitabu. Makala haya yanashikilia kwamba ni swali moja, na kwamba kwa kulijibu vibaya tumempoteza Bwana Msa mara mbili, dukani na darasani.

Tuanze na yaliyo wazi. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Alikuwa mtu wa magazeti kabla hajawa mtu wa riwaya, na kwa muda wa miaka kumi tangu 1958 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957/58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Riwaya saba, na mpelelezi ni mmoja: Bwana Msa, mvuta kiko, pamoja na mwandani wake Najum na Inspekta Seif wa polisi. Hata jina la mpelelezi ni fumbo dogo. Msa ndivyo Waunguja wengi wanavyomwita Musa. Lakini ukizipanga herufi za mwanzo za majina matatu ya mwandishi, unapata jina lilo hilo.

Kila anayemtaja Bwana Msa humtaja na Sherlock Holmes. Hilo si kosa. Kiko kipo, mwandani asiyeona lile ambalo mwenzake ameliona yupo, na polisi anayekimbilia kumkamata asiyehusika naye yupo. Arthur Conan Doyle alikwisha kumtoa Holmes wake mwaka 1887, na Abdulla hakuficha kwamba alisoma alichosoma. Lakini kulinganisha kukiishia hapo, kunakuwa uvivu. Kila riwaya ya upelelezi duniani inayo deni kwa zilizotangulia, na sote tunajua kwamba jahazi halikuwa la kwanza kusafiri kwa tanga. Linalostahili kuulizwa ni kwamba kiko kile, kilipofika Unguja, kilikuta nini.

Kilikuta mzimu na kilikuta Giningi. Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi wa Kiingereza aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliweka kanuni kumi za kazi hiyo, na mojawapo ni kwamba mambo ya ghaibu yasiingizwe kuwa ndiyo sababu ya tukio. Kwa msomaji wa London kanuni hiyo ilikuwa ya mchezo tu, ilimkinga asidanganywe. Kwa msomaji wa Unguja haikuwa mchezo. Giningi katika masimulizi yetu ni mji wa wachawi usioonekana kwa macho ya kawaida, na mzimu ni mahali ambapo mtu mzima mwenye akili zake hupita akiwa ameshusha sauti. Mwandishi anapoyaweka majina haya juu ya jalada, hatumii pambo. Anakichukua kitu kinachoaminiwa na kukiweka katikati ya uchunguzi. Maiti inapokutwa penye mzimu, mji mzima unalo jawabu kabla Bwana Msa hajawasha kiko chake, na jawabu hilo halimtaki mtu yeyote kujibu mashitaka. Kazi ya kwanza ya mpelelezi huyu, kwa hiyo, ni kulikataa jawabu ambalo watu wote wameridhika nalo. Muuaji ajifichaye katika riwaya ya Kiingereza hujificha nyuma ya ushahidi wa uongo. Muuaji wa Unguja anaweza kujificha nyuma ya imani ya jirani zake, nao wakamfichia bila ya kujua.

Hapa tunafikia jambo ambalo naliona ndilo kiini cha riwaya hizi, nalo ni sitara. Sisi ni watu tuliolelewa kusitiri. Aibu ya nyumba haitoki nje ya mlango, na anayeijua aibu ya mwenziwe akanyamaza husifiwa kwa uungwana wake. Mji wa namna hii ni mji ambamo kila mtu anajua na hakuna anayesema. Sasa mtie ndani yake mtu ambaye kazi yake ni kufunua. Huko alikozaliwa riwaya hii, mpelelezi ni adui wa mhalifu tu. Huku kwetu yumo katika hatari ya kuwa adui wa adabu yenyewe.

Tazama namna Abdulla anavyolitatua tatizo hili. Bwana Msa hachunguzi kwa kutambaa chini na kioo cha kukuzia. Anachunguza kwa kukaa na kuzungumza. Anatembelea, anakaribishwa, anauliza habari za watu wa nyumbani, anatania, anapotea katika mazungumzo yanayoonekana hayana mwanzo wala mwisho, na katikati ya maneno ya adabu anaokota neno moja lililoponyoka. Wahakiki waliolalamika kwamba riwaya hizi zina maneno mengi hawakuona kwamba maneno ndiyo uwanja wa tukio. Ndiyo maana Kiswahili cha Abdulla, chenye mafumbo, misemo na mzaha wa Kiunguja, si nakshi iliyobandikwa juu ya kisa. Ni chombo cha uchunguzi wenyewe. Anayetaka kumfahamu mhalifu hana budi kwanza afahamu kwa nini fulani, aliyezoea kusema hivi, leo amesema vile.

Tazama pia ni siri gani inayotafutwa. Kadiri tunavyosonga mbele katika riwaya hizi saba, uzito wa swali la nani ameua unapungua na uzito wa swali la nani ni mtoto wa nani unazidi. Majina ya vitabu yanatuambia: mke mmoja, waume watatu, mwana wa yungi, duniani kuna watu. Siri kubwa za Bwana Msa ni siri za nasaba, za ndugu wasiojuana na za watoto waliofichwa. Katika mji ambamo jina la baba liliamua mtu akae wapi, aoe wapi na aitwe nani, hiyo haikuwa siri ndogo. Mohamed Suleiman Mohamed aliliuliza swali hilo kwa uchungu na waziwazi katika Nyota ya Rehema (1976), ambamo binti anakataliwa na baba yake. Abdulla aliliuliza kwa mzaha, katika umbo la fumbo. Lakini swali ni lile lile, na sioni kwa nini mmoja awekwe katika rafu ya fasihi ya dhati na mwingine atupwe katika kapu la fasihi pendwa.

Nisieleweke kwamba natetea kila kitu. Riwaya hizi zina dosari, na mbili kati yake si ndogo. Ya kwanza ni ya fani. Bwana Msa anapoufikia mwisho wa uchunguzi wake huwakusanya watu na kueleza, na akianza kueleza hanyamazi. Yale ambayo msomaji alistahili kuyaona yakitendeka anaambiwa kwamba yalikwisha kutendeka, na mafundo mengine hufunguliwa kwa sadfa ambazo mwandishi makini asingezikubali. Ndiyo maana, nadhani, zile kurasa zangu zilizonyofoka hazikunipa nilichokitarajia.

Dosari ya pili ni ya maudhui, na inahitaji kusemwa kwa uangalifu. Riwaya sita kati ya saba zilichapishwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Hata hivyo dunia yake, kwa mavazi, vyeo na mazungumzo yake, inabaki kwa kiasi kikubwa ile ya kabla ya mwaka huo. Wakati Adam Shafi alipokuwa anaandika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), ambamo Mapinduzi yanaingia mpaka ndani ya kasri, Bwana Msa alikuwa bado anavuta kiko katika mji ambao saa yake imesimama. Wapo wanaoliona hili kuwa ni kukimbia. Mimi naliona kuwa ni sitara iliyompata msitiriwa wake mkubwa kuliko wote. Mpelelezi aliyezifunua nyumba za watu alifika penye mlango mmoja akapita kama hakuuona. Huenda alifanya hivyo kwa hadhari, huenda kwa adabu, huenda kwa huzuni, maandishi hayatuambii. Lakini msomaji wa leo anayesoma riwaya hizi bila ya kuuona mlango ule hajazisoma zote. Naam, na mwandishi kijana wa Visiwani anayetaka kuandika riwaya ya upelelezi leo, mlango wa kwanza atakaoukuta ni huo.

Tuvuke bahari kidogo. Bara, riwaya hii ilishika njia nyingine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na kuanzia hapo mji ukawa ni Dar es Salaam, na kasi ikawa ni ya gari na simu. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), kachero wa serikali katika Afrika ya mapambano ya ukombozi. Tukumbuke kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Njama alizozipinga Willy Gamba hazikuwa mbali na mawazo ya msomaji aliyesikiliza redio kila jioni. Ben Mtobwa akafuata na Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea, kijana wa mjini asiyemwamini mtu. Tofauti iko wazi. Bwana Msa anauliza nani ni mtoto wa nani. Willy Gamba anauliza nani ni msaliti wa nchi. Joram Kiango anauliza nani amelipwa na nani. Weka maswali hayo matatu kwa mpangilio na utakuwa na historia fupi ya hofu zetu.

Lakini kuna tofauti nyingine ambayo wahakiki hawakuijali, nayo ni ya soko. Abdulla alifika kwa wasomaji kwa mlango wa mashindano na wa wachapishaji wakubwa. East African Literature Bureau ilianzishwa na wakoloni mwaka 1948 ili kukuza usomaji, na macho yake yalikuwa daima kwenye skuli. Ilipokufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, mlango ule ulifungwa. Waandishi wa Bara hawakungoja ufunguliwe. Kikosi cha Kisasi cha Musiba kilitoka mwaka 1979, wakati nchi imo katika vita vya Kagera na karatasi ni adimu. Mtobwa alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, akawa mwandishi, mhariri na mchuuzi wa kazi zake. Na magazeti yalipozaana katika miaka ya 1990, hadithi za mfululizo zilipata makao mapya: sehemu moja kila toleo, na kila sehemu ikakatwa pale ambapo msomaji hawezi kuvumilia.

Waliotoka vyuo vikuu waliliona soko hili kwa jicho la dharau. Neno fasihi pendwa, ambalo kwa maana yake ya kawaida ni sifa nzuri, likageuzwa tusi, kana kwamba kupendwa ni ushahidi wa udhaifu. Sikatai kwamba nyingi ya kazi hizo ziliandikwa ovyo, kwamba wanawake wake mara nyingi ni chambo tu, na kwamba risasi zilichukua nafasi ya fikra. Rajmund Ohly, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu nathari ya Kiswahili ya miaka ya 1970, angalau aliona kwamba wimbi lile lilistahili kuchunguzwa kwa makini. Wengi waliomfuata walitosheka na kulilaani. Matokeo yake ni kwamba mhakiki alijitoa barazani, na mnadi akabaki peke yake.

Na mnadi akiachwa peke yake hunadi kwa ukelele. Chukua jalada lolote la riwaya ya upelelezi ya Kiswahili na usome nyuma yake. Utaambiwa kwamba kitabu ni cha kusisimua, kwamba ukikianza hutakiweka chini, kwamba damu itakusisimka. Hakuna hata sentensi moja inayokutegea swali. Na mwandishi wa Unguja, akihurumiwa, huambiwa kwamba ana Sherlock Holmes wake. Sifa hiyo ni ya kumwombea mtu kiti katika nyumba ya wengine wakati anayo yake. Asiyemjua Holmes haimwambii kitu, na anayemjua humfanya aseme: basi nitamsoma mwenyewe.

Yupo mnadi mwingine aliye hatari zaidi, naye ni yule wa darasani. Ipo miongozo ya riwaya inayoandikwa kwa ajili ya mitihani, na kwa kawaida hufungua kwa muhtasari wa kisa chote, mwanzo hadi mwisho. Kwa riwaya nyingine ubaya wake ni wa kiasi. Kwa riwaya ya upelelezi ni mauaji. Mwanafunzi anamjua muuaji kabla hajaingia ukurasa wa pili, na kinachobaki kwake ni kuorodhesha dhamira, wahusika na matumizi ya lugha kama mtu anayehesabu fanicha katika nyumba iliyokwisha kuhamwa. Kisha tunashangaa kwamba vijana hawasomi. Mimi katika makala haya nimejizuia kumtaja mhalifu hata mmoja, na nadhani msomaji ameona kwamba uhakiki haukufa kwa kukosa jina lake.

Tunayo kanuni yetu ya kale kuhusu jambo hili, na hatuna haja ya kuiazima kwa Knox. Mtegaji husema, Kitendawili. Wasikilizaji husema, Tega. Wakishindwa, mtegaji hawapi jawabu bure. Hudai, Nipe mji. Ni lazima apewe mji, na mara nyingi anaukataa wa kwanza, anataka mkubwa zaidi, na ni baada tu ya kuupata na kujisifu nao ndipo anapofumbua. Wazee waliotunga utaratibu huu walijua kwamba jawabu lina bei. Lisipolipiwa kwa jasho la kufikiri, halina ladha. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi ni mtegaji. Mwongozo wa mtihani unatoa jawabu bila ya mji. Jalada la ukelele linadai mji bila ya kutega.

Basi riwaya hizi zinadiwe vipi? Nathubutu kusema kwamba zinadiwe kama zinavyosomwa barazani. Nyuma ya jalada liwepo fumbo lenyewe kwa maneno machache na ya kweli: nani amekutwa, wapi, na kwa nini jawabu la watu wote haliwezi kuwa jawabu. Sura ya kwanza isomwe redioni kwa sauti ya mtu anayejua Kiswahili cha wahusika, na ikatwe kwa hadhari. Magazeti yairejeshe hadithi ya mfululizo, lakini iwe na mhariri anayehakikisha kwamba kila kidokezo kilichotegwa kimeteguliwa. Mwalimu asome na darasa lake hadi sura ya mwisho kasoro moja, kisha afunge kitabu na awaachie vijana wabishane kwa siku tatu. Na sisi wahakiki turudi mahali petu, tuseme ni kitabu gani kimetega kwa haki na kipi kimedanganya, kwa sababu msomaji aliyedanganywa mara mbili na kitabu kibaya harudi tena dukani kuuliza kizuri.

Kwa waandishi wapya wa Visiwani nina neno moja tu. Msikimbilie bastola. Mji wetu bado ni mji wa sitara, na siri zake zimezidi: viwanja vilivyouzwa mara mbili, mirathi isiyogawiwa, watoto waliokwenda ng'ambo wakarudi na majina mengine, na makaburi ambayo watu huyapita wakiwa wameshusha sauti. Hakuna haja ya kuagiza mhalifu kutoka nje. Kinachohitajika ni mtu anayejua kukaa, kuzungumza na kusikiliza, na mwenye ujasiri wa kuukataa utulivu wa jawabu la watu wote.

Ile nakala yangu ya zamani, iliyokatika mwisho, sikuitupa. Kijana wa jirani yetu aliiazima hivi karibuni, akaniuliza kama ninazo kurasa zilizobaki. Ninazo. Nimemwambia anipe mji kwanza.